Wanataka Nisaini Umeme Nisioufunga Mimi

Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze makali.

Mimi ni mama wa watoto wawili, Mkenya, miaka arobaini na mmoja. Naishi Erdington, hapa Birmingham. Nilitunza wazee miaka tisa, kisha nikaamua kusomea umeme wa majumba. Mume wangu alicheka. Binamu yake, mjenzi ninayemwita shemeji, akacheka zaidi. Mtihani nilianguka mara mbili. Aliyenishika mkono ni fundi mmoja mzee, Mhindi aliyezaliwa Kisumu. Aliniambia, "Mama, hii waya haijui wewe mwanamke. Rudia mtihani." Nikarudia, nikapita. Leo nimesajiliwa kwa jina langu. Nikifunga umeme nikasaini cheti, council, yaani halmashauri ya mji, inaamini neno langu, ila ni kwa kazi niliyoifanya mimi tu.

Shemeji hana usajili wowote. Juzi alimjengea nesi mmoja wa fellowship yetu ya maombi bafu jipya kule Kings Heath, mume wangu akimsaidia. Nesi akaomba cheti cha umeme. Shemeji akaniletea karatasi. "Weka sahihi hapo, shemeji. Dakika moja tu."

Nikasema naenda kuona kwanza, tukaenda wote. Nilipofungua kifuniko cha shawa ya umeme, nikakuta waya nyembamba kuliko inavyotakiwa, imeungwa kwa tepu, na plastiki yake imeanza kuungua. Watoto wa nesi walikuwa wanaoga hapo kila siku! Nikazima umeme wa bafu, nikamwita nesi mwenyewe aone kwa macho yake.

"Unaniharibia jina mbele ya mteja?" shemeji akafoka.

"Lako umeliharibu mwenyewe. Langu huligusi."

Nyumbani mume wangu akaja juu. "Hii ni familia! Saini, tutarekebisha polepole."

"Na mtoto akipigwa na umeme kabla ya hiyo polepole yenu?"

Alifunga begi akahamia kwa binamu yake, akasema atarudi nikishajua heshima. Mama mmoja wa fellowship akanipigia kuniambia nijishushe, ndoa ni uvumilivu. Nikamuuliza kama angemwogesha mjukuu wake kwenye bafu lile. Akakata simu.

Nesi alinipa mimi ile kazi. Niling'oa kila kitu, nikafunga upya, nikasaini. Niliona fahari, sitawaficha. Lakini siku ile namaliza akaniambia shemeji amefanya nyumba nyingine tatu za watu wetu, na mume wangu alikuwa naye kote. Nimewapigia wenye nyumba hizo. Mmoja alikubali niende kukagua. Wawili wakaniambia nina wivu wa biashara, na mmoja wao ana mtoto mchanga.

Nikienda council, mume wangu naye ataulizwa, na najua hatanisamehe. Nampenda bado, ndiyo, hata baada ya lile begi. Ila usingizi sipati nikimfikiria yule mtoto.

Kwa hiyo msinishauri kuomba msamaha, na msinishauri kusaini. Hayo nimeshayakataa. Ninachouliza ni kimoja: niwape hao wawili siku chache waite fundi yeyote wanayemtaka, au niende council kesho asubuhi na ndoa iende inakoenda? Wewe unayesoma, kama nyumba ingekuwa yako na mtoto ni wako, ungetaka nifanye lipi?