Mdomo wa Fulu

Mama yangu aliuza samaki ufuoni Dunga tangu kabla sijazaliwa, na hakuwahi kumwamini samaki kwa macho tu. Lazima amshike. Kidole gumba kinaingia chini ya shavu, kinainua, anatazama wekundu wa ndani, kisha anabonyeza taya mpaka mdomo ufunguke. Mteja akinung'unika, anaonyeshwa tena. Nilivyokua nikiona hivyo, nilidhani ndivyo samaki wanavyosalimiwa.

Mimi sikuitaka kazi ya ufuoni. Nilikuwa nashona nguo soko la Kibuye, na huko ndiko nilikoliona sanduku la kioo la kufugia samaki katikati ya viatu vya mitumba, lina ufa kwenye kona. Nililinunua kwa ujeuri, kwa kuwa muuzaji aliniambia si kitu cha mtu kama mimi. Nikaziba ufa, nikatia mchanga na maji ya ziwa, nikamwomba Mama aniletee fulu.

Fulu ni wale samaki wadogo tuliolishwa utotoni hadi tukawachoka. Kufikia mwanzo wa miaka ya tisini walikuwa wameadimika, maana mbuta, yule samaki mkubwa aliyeletwa ziwani, alikuwa amewafagia. Mama aliwapata wawili wakiwa hai kwenye nyavu za omena, wale dagaa wa ziwani, akawaleta ndani ya sufuria.

"Sasa wewe unafuga mboga?" akanicheka.

Dume alikuwa wa bluu, ubavu wake mwekundu. Jike alikuwa wa kijivu, hana lolote la kuringia. Niliwapondea omena na kuwanyunyizia, halafu nasahau cherehani nikiwatazama.

Baadaye jike akaacha kula. Siku kumi hivi hakugusa kitu. Mdomo ulifura, akawa anajibanza nyuma ya jiwe. Niliogopa kweli, kwa sababu Mama alikuwa akinitafutia jike mwingine kila asubuhi bila kumpata. Huyu akifa, fulu wangu wamekwisha.

Jumapili Mama alipita kwangu akitoka kanisani, akachungulia kwenye kioo.

"Hii imekwamwa," akasema. "Fulu ni mwizi ya mayai. Hata mama yangu alituambia. Ukifungua mdomo yake unakuta mayai ya wenyewe."

"Mama, mwache," nikasema, lakini mkono ulikuwa umeshazama. Kidole gumba kikapata shavu, kikabonyeza taya, na vitu vidogo kama punje za mtama vikamwagika majini. Vilizama kidogo, kisha vikaanza kuogelea. Vilikuwa na macho.

Mama akamwachia jike kama aliyeungua. Samaki akalala ubavu, akainuka, akamfuata mtoto wa kwanza na kumtia mdomoni. Kisha wa pili. Hasira zikanipanda. Baada ya taabu yote ile anawala wanawe? Nikachukua chujio la chai nimtoe.

Mama akanishika mkono. "Ngoja, nyathina, mwanangu. Hiyo haimezi. Angalia vizuri."

Nikaangalia. Wale wadogo walikuwa wakimkimbilia wenyewe, wanasukumana mlangoni mwa mdomo wake. Mmoja alikuwa amepotelea nyuma ya jiwe, na mama yake akazunguka, akarudi, akazunguka tena mpaka akampata. Kisha akafunga mdomo na kutulia. Sijawahi kustaajabu namna ile, hata kanisani, na Mungu anisamehe. Samaki asiyejaa kiganja changu alikuwa ameshinda njaa siku zote hizo ili asije akameza watoto wake.

Mama alikaa kwenye kiti cha cherehani, akawa anapangusa kidole gumba kwa kitambaa chake cheupe cha kichwani. Alikipangusa muda mrefu.

"Mimi nimeosha hizi midomo tangu nikiwa msichana," akasema. "Naosha mayai, namwaga, halafu natukana samaki. Adier, kweli kabisa, haikuwa mwizi."



Watoto walipotoka wenyewe tuliwahesabu pamoja: kumi na wanane. Mama aliendelea na biashara yake Dunga, na samaki wakubwa kama ngege na mbuta aliwainua mashavu kama kawaida. Lakini fulu akitokea kwenye omena, yuko hai na mdomo umefura, alimbeba kwa viganja viwili na kuingia naye ziwani, gauni likilowa hadi magotini. Wavuvi walimcheka. Yeye alifungua viganja chini ya maji, akamwachia aende.