Mama Mkwe, Mbuzi na Waya wa Simu

Enzi za Wajerumani nilikuwa fundi wa waya wa simu kando ya ziwa, Rumonge, na kiburi kilinizidi. Mchana mmoja wa jua kali niliona waya umelegea, nikaukaza hadi ukalia kama zeze. Mama mkwe alikuwa akipita na mbuzi wake. Kwetu mtu haongei na mama mkwe ana kwa ana, basi akamwambia mbuzi: “Mwone huyo! Waya hulegea kwa jua, hujikaza kwa baridi. Mvua ikinyesha utakatika.”

Nilinuna. Mimi nifundishwe kazi pamoja na mbuzi?

Alasiri mvua ikaja, waya ukakatika. Kesho yake niliuunga, nikauacha ulegee kidogo.

Tangu hapo sikupanda nguzo kabla ya kuuliza mbuzi yuko wapi.