Yule Bwana wa Kamera na Sauti ya Masika

Ile drap, shuka ya kuonyeshea sinema, niliipasua mimi, na mikono yangu mbili, saa nane ya muchana, mbele ya salle yenye kujaa batu. Mama mumoja nyuma alisema: "Keti, maman, unatufunikia picha." Nikamujibu ile picha ni yangu. Tangu siku ile, hapa Kimemi, mutaa wetu, banasema niko fou, kichwa imeharibika, ati sikuzoea sinema. Mimi nilimaliza humanités, masomo ya sekondari, niko na diplôme. Ninajua sinema ni nini. Hii ninakuelezea ilifanyika kweli, na kama unataka kucheka, cheka sasa, nitangoja umalize.

Tuko na shamba kule Kipese, ya mama mukwe wangu. Huyu bwana wa kamera alikuya mara ya kwanza wakati maharagi inatoa maua. Kamera ya miguu tatu, na micro ya kukamata sauti, yenye manyoya sawa paka. Anaisimamisha mbele ya shamba asubuhi mpaka jioni. Hapana harusi, hapana clip ya muziki. Anafilmer majani. Bamama bakamuuliza anatafuta nini, akasema anakamata misimu, mvua, ukungu, kiangazi, kisha ataunganisha yote na muziki ili batu bakae, batazame, bafikiri. Tulicheka. Akarudi wakati wa kuvuna, mvua kali, na viatu yake ilikuwa safi. Wewe ulishapanda kilima ya Kipese mvua ikinyesha, na matope yake? Basi unaelewa.

Kiangazi akarudi tena. Alikuwa amekosa kitu kimoja, wimbo wa kupanda. Lakini kwetu ule wimbo unaimbwa na mbegu mukononi, basi. Ni mbegu unaimbia. Yeye akatuomba tumuimbie hivi hivi, kiangazi, bila mbegu. Mama mukwe akakataa kabisa. Akaniambia: "Mama Masika, ukiimba mikono mitupu, kitapandwa kile uko nacho."

Na mimi nilikuwa na nini? Masika ku mugongo, mutoto wangu wa kwanza, miezi munane. Nikasema, mimi na diplôme yangu, hizo ni mambo ya bazee ba zamani. Ile hasira niko nayo, nusu ni juu yangu mwenyewe. Niliimba. Masika naye alikuwa anaguna-guna nyuma yangu, anafuata wimbo. Nilipomaliza, yule bwana akasema "Wasingya", ni kusema asante, Kinande safi, sawa mutu wa kwetu. Akabeba kamera yake, akaingia mu ukungu.

Jioni ile Masika akalia bila sauti. Machozi inashuka, mudomo wazi, sauti hakuna. Infirmier, muuguzi wetu, alimumulika koo mara mbili, akasema koo ni muzima. Niamini: mutoto akilia bila sauti, unamusikia mpaka ndani ya mifupa.

Kisha bakatangaza film hapa Kimemi. Nikaenda, mutoto ku mugongo. Madirisha yalifungwa na vitambaa vyeusi. Nikaona shamba yetu, mvua, ukungu, vumbi. Ilikuwa muzuri, sitadanganya, na hiyo ndiyo inanichoma zaidi. Halafu muziki ukaanza: jembe, mvua, sauti yangu ikiimba. Na juu ya sauti yangu, Masika anacheka. Kisha anasema "mama." Masika hajawahi kusema "mama." Na kwa picha, mvua ya musimu unaokuja, yenye haijanyesha bado, mimi ninalima, nimevaa kikwembe, kitenge kipya nilinunua juma lile lile. Ku mugongo wangu, hakuna mutu.

Niambie, wewe ungekaa?

Nilipasua drap, picha ikabaki ku ukuta. Kijana akakimbia kuzima groupe, ile mashine ya umeme, inje. Groupe ikanyamaza, kweli tuliisikia ikinyamaza, na picha ikaendelea, na mutoto wangu akaendelea kucheka. Batu bakasukumana ku mulango mumoja. Ile dakika hakuna mwenye aliniita fou.

Yule bwana alibaki ameketi ku kiti ya mwisho. Nikamwambia anipe sauti ya mutoto wangu. Akanijibu pole-pole, sawa padri: "Maman, sikuiba kitu. Ulipanda wewe mwenyewe. Ngoja ivunwe."

Nikamurukia. Nilikamata kiti tu, nacho kilikuwa kimelowa umande, sawa majani ya asubuhi.

Sasa mvua imeanza Kipese. Mama mukwe anapanda peke yake, juu mimi sitapanda kule tena. Kile kikwembe nilikichoma. Masika anakula, ananenepa, anacheka, na ninajua anacheka sababu mabega yake inatingika. Batu ba salle leo banasema groupe haikuzimika. Waongo. Wewe mwenye unanisoma, mutu akikuomba wimbo inje ya wakati wake, mufukuze. Hapana kumupa hata maji.

Ku bureau ya quartier, secrétaire alisema hakuna article, kifungu cha sheria, ya jambo kama hilo. Nikasimama mbele ya meza yake mpaka akanipa karatasi. Niliandika hivi:

"Kwa Bwana Chef wa Quartier. Mimi, mama ya Masika, ninashitaki mwanaume mwenye kamera, jina halijulikani, anwani haijulikani. Kitu kilichochukuliwa: sauti ya mutoto wa kike, alikuwa na miezi munane siku ile. Mahali iliposikiwa mara ya mwisho: mu salle, Kimemi, mbele ya mashahidi, majina yao ni nyuma ya karatasi hii. Ninaomba irudishwe kabla maharagi haijatoa maua, sababu kisha maua ni mavuno. Ilisema neno moja, na neno hilo ni langu."