Mrututu, Chokaa na Kisu

Nilisikia mti wa kukorogea ukigonga ndoo kabla sijamwona baba. Nikamfuata ghalani. Alikuwa ameinama, anayeyusha mrututu, kilo moja ya chumvi ya shaba ya bluu aliyoinunua kwenye duka la mtu binafsi kule Kiwira, kwa kuwa chama cha ushirika kilikuwa kimeacha kutugawia dawa. Chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni changa, ulikwishaingia kwenye mibuni ya juu. Mvua ilikuwa imetulia asubuhi hiyo tu. Asiponyunyizia siku ile, kahawa ya mwaka ilikuwa imekwenda.

"Chokaa haitoshi," alisema. "Huwa ni kilo kwa kilo. Hii ni nusu, masalio ya kupaka kanisa mwaka jana."

Nilikuwa kidato cha tatu, na nilipenda kusawazisha milinganyo kama wenzangu walivyopenda kwaya. Nikachukua mkaa, nikaandika kwenye gunia tupu:

CuSO₄ + Ca(OH)₂ → Cu(OH)₂ + CaSO₄

Nikamhesabia kila upande: shaba moja, kalsiamu moja, salfa moja, oksijeni sita, haidrojeni mbili. Kisha uzito. Kilo ya mrututu ilihitaji gramu mia tatu tu za chokaa.

"Mwalimu wako ana mibuni mingapi?"

"Hana, baba."

"Nilijua."

Hata hivyo alipima kwa kopo zaidi kidogo ya nusu ya ile chokaa, akaikoroga na maji, akaimimina. Akafuta kisu kwenye suruali, akakitumbukiza, akawa anahesabu kimyakimya kwa Kinyakyusa. Kisu kilitoka na wekundu wa shaba.

"Mrututu umebaki," alisema. "Ningenyunyizia hii, majani yangeungua yote. Mlinganyo wako umesawazika, mama, ila kisu kimekataa."

Nilishika chokaa iliyobaki. Ilikuwa mabonge. Mfuko ulikaa wazi mwaka mzima katika ukungu wetu wa Kinyala. Sehemu yake ilikuwa imekula hewa na kurudi kuwa jiwe. Mimi nilikuwa nimesawazisha chokaa ya kitabuni.

"Tia yote," nikasema.

"Isipotosha?"

Nikamsogezea mfuko. Akaponda mabonge, akatia yote, akakoroga muda mrefu. Safari hii alikisugua kisu kwa mchanga kwanza, akakiacha ndani hadi nikachoka kusimama. Kikatoka cheupe kama kilivyoingia.

"Jioni uniandikie na mlinganyo wa chokaa iliyolala," alisema. Akajaza bomba, akalibeba mgongoni, akatoka kuelekea mibuni ya juu, akausukuma mlango kwa kisigino ukajifunga nyuma yake.