Ruhusa Aliyopigiwa Komeo

Ngumi ya kwanza ilimpata Komeo kwenye taya, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Kabla hajajua kilichomsibu, ya pili ikamshukia juu ya sikio. Akaanguka na kiti chake, na aliyempiga akamkanyaga mkono.

"Nirudishie ruhusa yangu," alisema yule mwanamume. "Nirudishie sasa hivi, shemeji."

Naam, shemeji. Alikuwa mdogo wa mume wa Komeo, tumbo moja, na kazi katika kampuni ya programu aliipata kwa mgongo wa mwanamke huyohuyo aliyekuwa chini ya kiatu chake.

Komeo lilikuwa jina la utani alilopachikwa ofisini. Alitunza ghala la kampuni, si ghala la magunia, bali mahali kwenye kompyuta ambapo waandishi wa programu huweka vipande vilivyokwisha kamilika, vikiwa vimefungwa kama vifurushi, ili mwenzao akivihitaji asianze kuandika upya. Komeo ndiye aliyeamua nani apakie kifurushi ghalani na kiitweje. Kila jina lianze na jina la kundi lililokiunda, na majina mawili yasikaribiane hata mtu akayachanganya.

"Wenye subira hawanihitaji," alikuwa akisema. "Mimi nipo kwa ajili ya wenye haraka."

Shemeji yake, waliyemwita Umeme, alikuwa na vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Sheria za majina aliziita sheria za chekechea. Wiki ile alipakia kifurushi chake cha majaribio, akakipa jina lililopishana herufi moja tu na kile cha kupimia dawa kwenye mashine za dripu. Mwenzake mmoja mwenye haraka akakichukua akidhani ndicho chenyewe. Hospitali moja ikawasha mashine, na dawa ikaanza kumiminika kwenye mshipa wa mgonjwa kama bomba lililopasuka. Mgonjwa alirukaruka kitandani, povu likimtoka, mpaka muuguzi alipong'oa mpira wa dripu kwa nguvu, damu ikaruka ukutani. Aliponea tundu la sindano.

Komeo alikiondoa kifurushi, akamfutia Umeme ruhusa, kisha akamwita faragha kumweleza. Umeme akacheka. Alidhani ni maneno ya undugu, ya kutishana tu. Siku iliyofuata alisimama mbele ya wenzake kuonyesha kazi yake mpya, akabonyeza ili kuipakia ghalani, na ukutani kwenye skrini kubwa yakatokea maneno mawili: Huna ruhusa. Mtu mmoja nyuma akaguna, "Leo umeme umekatika." Chumba kizima kikaangua kicheko. Umeme alitoka bila kufunga hata kompyuta yake, akapanda ngazi hadi ofisini kwa Komeo.

Ilikuwa saa ya chakula, na Komeo alikuwa peke yake. Umeme alikuwa ameufunga mlango kwa ndani. Sasa alimwinua kwa nywele, akamkalisha mbele ya kibodi.

"Andika nenosiri."

"Shemeji, mtu nusura afe."

Akamgonga uso kwenye meza. Jino likatoka, Komeo akalitema pamoja na damu. "Andika!"

"Siwezi."

Umeme akaushika mkono wake wa kushoto, akachagua kidole, akakipinda nyuma taratibu, huku akimtazama machoni, mpaka kikalia kama kijiti kikavu. Kisha akashika cha pili.

Komeo aliandika. Tuseme ukweli ulivyo. Aliandika nenosiri kwa mkono uliobaki mzima, akamrudishia ruhusa, akasukumwa sakafuni kama gunia. Umeme akavuta kiti, akaketi, akaanza kupakia upya kifurushi kilekile, kwa jina lilelile, akicheka huku akihema.

Hapo ndipo alipokosea. Aliketi akimpa Komeo mgongo, na kwenye kona palikuwa na mtungi wa kuzimia moto.

Pigo la kwanza la mtungi lilimvunja Umeme mfupa wa mtulinga, begani. Alipogeuka, la pili likamshukia gotini, akaenda chini akipiga kelele kama mnyama. Komeo angekoma hapo, pasingekuwa na wa kumlaumu. Hakukoma. Alipiga mbavu, akapiga mkono uliomvunja kidole, akapiga tena, na kila pigo lilimtoa hofu na kumtia kitu kingine ambacho baadaye aliogopa kukitaja. Mlinzi alipouvunja mlango alimkumbatia kwa nyuma.

"Dada, basi! Basi, unaua!"

Akauachia mtungi. Kabla hajakubali kupelekwa hospitali aliinama kwenye kibodi iliyolowa chai na damu, akakifuta kifurushi, akamfutia Umeme ruhusa kwa mara ya pili. Ndipo akazirai.

Mumewe, fundi wa majokofu, alifika hospitali na mafuta ya kazi mikononi. Alimwona mkewe uso umevimba kama boga. Akapita moja kwa moja hadi wodi ya wanaume, akamkaba mdogo wake koo hapohapo kitandani. Wauguzi watatu walimbandua. Baadaye alikaa kwenye korido akilia, kichwa katikati ya magoti.

Mama mkwe hakulia. Alisimama miguuni pa kitanda cha Komeo. "Umenivunjia mtoto kwa ajili ya jina la kwenye kompyuta?"

"Na mimi, mama, ni mtoto wa nani?"

Mama mkwe akageuka, akaondoka.

Umeme alifungwa. Komeo alionywa na hakimu kwa yale mapigo ya mwisho, akainamisha kichwa, maana aliyajua kuliko hakimu.

Aliporudi kazini, mkurugenzi alitaka kumwekea mlinzi mlangoni.

"Hatanisaidia," Komeo alisema. "Mtu akinipiga vya kutosha, ninafungua. Nilifungua."

Basi akabadilisha utaratibu: ruhusa itolewe na watu wawili walio kwenye majengo tofauti, na jina lolote linalokaribia jingine likataliwe na mashine yenyewe, asiwepo wa kukunjiwa ngumi.

Umeme alipotoka gerezani alikuja mpaka getini kwa Komeo na mumewe, akichechemea. Kaka yake alimtokea na spana mkononi.

"Nimekuja kuomba radhi," Umeme alisema.

"Kamwombe mama. Hapa usikanyage."

Komeo alikuwa dirishani, ameshika kisu cha jikoni. Alimtazama shemeji yake akiondoka mpaka akakata kona, kisha akamwita mumewe aingie ndani, afunge mlango.