Diski Niliyoibangua Kama Korosho

Siku nilipobangua diski ya kompyuta kama korosho, sokoni Newala walisema bibi kaingiwa na wazimu.

Nikawaambia: kaeni, mtazame bure.

Naitwa Swaumu. Nimesoma darasa la saba, basi. Ila kwenye unyago, tunapowafunda wasichana, mimi ndiye kungwi, na nyimbo zetu mwanaume hazisikii. Marehemu mume wangu kafa hajasikia hata moja.

Mjukuu wangu Rahima alinirekodi ili nyimbo zisipotee. Laptop yake ilipoingia maji, akafuta vyote vilivyomo, akamuuzia fundi Shamte.

Wiki ya pili ananipigia analia. "Bibi, hizi diski mpya, SSD, ukifuta linaondoka jina tu. Sauti inaweza kubaki kwenye chipu!"

Nikajifunga kanga, huyoo, hadi kwa Shamte sokoni.

"Shikamoo, Bibi Swaumu."

"Marahaba, mume wangu. Nipe diski ya Rahima."

"Aa, ile tupu! Nimeipitishia sumaku ya spika mara tatu."

Sumaku! Rahima alishaniambia: sumaku ni ya diski za zamani, zenye sahani. Chipu hazijali hata ulete spika ya disko.

Sikubishana. Nikakaa kwenye benchi, nikaimba kama bibi aliyejisahau:

"Mwali funga kamba, kiuno si cha kuazima..."

"Si kamba, Bibi," akadakia, kainamia waya zake. "Ni shanga."

Bisibisi ikamdondoka.

(Maneno hayo nimeyabadilisha. Mlidhani mtapata cha bure?)

"Umenakili wapi kwingine?"

"Sijanakili popote, Bibi, wallahi! Nilisikiliza humo humo. Ngoja, ipo amri maalumu ya kufuta diski nzima..."

"Aitoe nani? Wewe?"

Nikamfungulisha ganda la diski. Chipu nne, nyeusi, zimelala. Nikatoa nyundo yangu ya kubangulia korosho. Moja baada ya nyingine, mpaka unga. Watu wamejaa mlangoni.

Shamte akanong'ona, "Na zilizoingia kichwani mwangu, Bibi?"

Nikakitazama kichwa. Nikaitazama nyundo.

Alitoka mbio, kandambili moja kaiacha.

Wanangu, kompyuta uiuze, diski ubaki nayo. Na "nimefuta" ya mtu aliyeishika mkononi, usiiamini mpaka umemwimbia.

Kandambili ninayo. Akiifuata, nitaanza tena na kamba, nione kama shanga kazisahau.