Seva Niliyoiandika Mgongoni

Mimi niliyekimbia vita kwa miguu bila kuonyeshwa njia, nimeaibishwa na kompyuta. Wa kulaumiwa ni Fideli, fundi wetu wa kompyuta, namtaja waziwazi.

Kompyuta ya depo yangu ya mizigo hapa Rwezamenyo, Kigali, ilishindwa kuipata seva, ile mashine kubwa ya ofisi kuu ya Gisimenti inayozipa kompyuta zetu zote maagizo. Bosi wetu, Madamu Josiane, akasema ikiendelea hivyo anafunga depo. Depo ipo bado; kilichofungwa ni mdomo wangu.

Nikampigia Fideli.

“Muzehe,” akaniita mzee kwa Kinyarwanda, “kompyuta za huku Gisimenti ni familia moja, zikitafuta seva zinauliza nyumbani. Yako iko nje ya familia, haina wa kumuuliza. Wewe ndiye wa kuipa jina la seva.” Akanitajia jina, akakata simu. Ndio wasomi wetu hao.

Basi, depo tunajua kazi. Gunia likienda Huye, unaliandika jina la mpokeaji, linafika. Nikashika kalamu ya wino mzito, nikaiandika kompyuta jina la seva mgongoni, herufi kubwa. Nikangoja. Kimya.

Madamu alipokuja na Fideli, nikamshitaki palepale: “Huyu ni mvivu, Madamu. Jina nimeipa, seva yake ndiyo haijibu.”

Fideli akabonyezabonyeza. “Mbona humu hakuna jina? Umeliandika wapi?”

Nikaigeuza kompyuta kwa majigambo, nikawaonyesha.

Madamu akasoma taratibu, kwa sauti. “Na namba ya simu ya mpokeaji, muzehe, mbona hukuweka?”